Wanafunzi 24, siku 10 na nyumba moja ya kiambaza: tujipange vipi kabla ya kwenda Vanga?

Mwanachuo wa Tudor

Assalam aleikum, na salamu za heshima kwa wakubwa zangu wote.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Mombasa, na wenzangu wamenikabidhi dhamana ya kuongoza safari yetu ya kujitolea wakati wa likizo ijayo. Tunakusudia kwenda katika kijiji kimoja cha bonde la Mto Umba, upande wa Vanga, ambako mafuriko ya masika iliyopita yaliangusha nyumba kadhaa. Tumeombwa tusaidie kuijenga upya nyumba ya bibi mmoja mjane anayelea wajukuu wanne. Kama mnavyojua, Umba huanzia milima ya Usambara huko Tanzania, kwa hiyo wenyeji wa chini huweza kulala bila kuona tone la mvua, wakaamka maji yako mlangoni.

Tumechanga shilingi 180,000. Basi la kutupeleka na kuturudisha litachukua 60,000. Chakula cha watu 24 kwa siku 10, tukikadiria shilingi 250 kwa kila mtu kwa siku, ni 60,000 nyingine. Zinazobaki kwa ajili ya nyumba yenyewe ni 60,000. Hesabu hii imeninyima usingizi, kwa sababu theluthi mbili za fedha tulizowaomba watu kwa jina la bibi yule zitatumika kutusafirisha na kutulisha sisi. Isitoshe, hakuna kati yetu aliyewahi kushika mwiko isipokuwa wanafunzi watatu wa uhandisi wa ujenzi, nao wameusoma zaidi darasani.

Naomba mniongoze. Je, ni heri tuzitume fedha hizo zilipe mafundi wa huko, nasi tubaki, au kwenda kwetu kuna faida ya kweli? Na tukienda, tujenge kwa mawe na saruji, au tuirudishe nyumba ya kiambaza, yaani ya fito na udongo, kama ilivyokuwa? Baadhi ya wenzangu wanaona aibu kumjengea mtu nyumba ya udongo.

Fundi wa Kisauni

Wa aleikum salaam, mwanangu. Nimefanya uashi kwa zaidi ya miaka thelathini, hapa Kisauni, Mtwapa na Kusini yote hadi Lungalunga. Nitakujibu upande wa kazi tu, na upande wa watu nawaachia wengine.

Siku 10 hazitoshi kujenga nyumba, iwe ya mawe au ya udongo, na hata mngekuwa 100 zisingetosha. Zege la msingi likishamwagwa huhitaji kunyweshewa maji kwa muda usiopungua siku saba, na nguvu yake huhesabiwa baada ya siku 28. Kiambaza nacho kina muda wake. Ukishasimamisha nguzo, ukafunga fito pande zote mbili na kujaza udongo na mawe madogo katikati, mkandiko wa kwanza lazima uachwe ukauke na upasuke, ndipo uje wa pili wa kuziba nyufa. Anayepaka chokaa juu ya udongo mbichi ili basi liondoke ukuta ukipendeza, humwachia mwenye nyumba ukuta utakaobambuka wote vuli ikianza.

Kuhusu aibu, waambie wenzako kwamba nimewahi kubomoa nyumba za kiambaza zenye umri kunizidi, nikakuta nguzo za ndani bado zinakataa msumari. Nyumba ya namna hii haifi kwa sababu ni ya udongo, bali hufa kwa kulowa miguu. Maji yakisimama siku mbili tatu, udongo wa chini hulainika na ukuta hukaa chini, ilhali paa limebaki juu ya nguzo zake. Nendeni mkaitazame nyumba ya bibi huyo, nadhani mtaikuta katika hali hiyo. Kwa hiyo fedha zenu ziwekeni chini: msingi wa mawe ya matumbawe, yale yanayokatwa kwa mashine machimboni, uinuliwe hadi juu ya alama iliyoachwa na maji ya mafuriko, kisha kiambaza kianzie hapo. Ncha za nguzo zinazoingia ardhini zipakwe lami kwa ajili ya mchwa. Msikubali mchanga wa ufukweni hata mkipewa bure, kwani chumvi yake hula chuma na kuufanya ukuta kutoa unyevu miaka yote. Saruji na misumari nunueni Lungalunga, badala ya kupakia lori kisiwani na kulivusha feri.

Mwisho, tafuteni mafundi wawili wa kijijini humo wasimamie kazi, nanyi muwe vibarua wao. Fundi akikwambia ubomoe ulichojenga asubuhi, ubomoe bila kinyongo.

Mama wa Garsen

Mwanangu, mimi nimeshajengewa, basi nisikilize.

Nyumba yangu ya Garsen ilichukuliwa na mafuriko ya Mto Tana, na kundi moja la wanafunzi likaja kunijengea nyingine. Sitalitaja, kwa sababu walikuwa watoto wema na tulikula pamoja. Hata hivyo, hawakuniuliza mlango uelekee wapi. Waliuelekeza barabarani kwa kuwa ndivyo ramani yao ilivyosema, na kwangu barabara iko upande wa kusini, kwa hiyo masika yote mvua ya kusi iliingia hadi kitandani. Hawakuniwekea baraza, kwa maana waliiona kama pambo. Mwanamke asiye na baraza hana pa kumkalisha mgeni mwanamume asiye wa nyumba, wala pa kuchambulia mchele jioni. Nilipouhamisha ule mlango mwaka uliofuata, nilitumia fedha nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya karo ya mjukuu wangu.

Jingine ni maji. Watu 24, kila mmoja akitumia mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, ni mitungi 24, na udongo wa kukandika bado haujapata hata tone. Nani ataichota? Kwetu waliichota wasichana wa kijiji, kwa sababu mgeni haachwi akachota maji, na wasichana wale walikosa shule wiki nzima bila mtu kutambua. Ukienda, weka zamu ya wanafunzi wako wenyewe kisimani tangu siku ya kwanza, wavulana kwa wasichana, hata wenyeji wakikataa kwa adabu.

Picha zangu nikiwa nimesimama kwenye matope, khanga imelowa, zilisambazwa hata zikamfikia kaka yangu aliyeko Malindi kabla sijapata simu ya kumwambia kwamba niko hai. Mwombeni mtu ruhusa akiwa amekaa, ameoga, amevaa nguo anazozipenda, na akikataa mwacheni.

Pamoja na hayo yote, usitume fedha tu ukabaki Tudor. Katika kundi lile alikuwamo msichana asiyejua hata kushika jembe. Alikaa nami siku mbili tukichakura matope kutafuta vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu zangu, tukavipata viwili, akavisafisha taratibu na kuvianika juu ya mkeka, akikaa kando yake kuwafukuza kuku. Kwa vyeti hivyo watoto waliandikishwa shule. Hakuna fundi ambaye ningeweza kumlipa afanye kazi ile, na sikuwa na nguvu ya kuifanya peke yangu.

Aliyewahi Kusafiri

Naongeza mawili kwa ufupi. Hakikisheni kwamba kiwanja ni cha bibi huyo au ana idhini isiyo na shaka ya kujenga hapo, kwa maana mambo ya ardhi ya Pwani mnayajua, na nyumba mpya ya mawe inaweza kumwamsha mdai aliyekuwa amenyamaza miaka yote nyumba ilipokuwa ya udongo. Pia kila mwanafunzi apate chanjo ya pepopunda na avae viatu vigumu, kwa sababu matope ya mafuriko huficha misumari na mabati.

Mwalimu Mstaafu, Likoni

Nimesoma maelezo ya Fundi na ya Mama kwa makini, na naona yote mawili yanaelekea kwenye jawabu moja kuhusu hesabu yako, kijana wangu.

Kimbunga Katrina kilipoipiga pwani ya kusini ya Marekani mwezi Agosti 2005, wanafunzi wengi wa vyuo vya huko walizitumia likizo zao kwenda New Orleans na miji ya jirani. Sehemu kubwa ya kazi waliyoifanya haikuwa ya kujenga. Walitoa matope na samani zilizooza, wakabandua kuta za jasi zilizoota ukungu mpaka zikabaki mbao tupu, ndipo mafundi wakaweza kuingia. Ilikuwa kazi chafu isiyohitaji ujuzi mwingi bali mikono mingi, na hapo mwanafunzi ana thamani sawa na mtu mwingine yeyote.

Katika nyumba ya kiambaza kazi za namna hiyo ni mbili: ya mwanzo, yaani kusafisha, kuchimba na kubeba mawe, na ya mwisho, yaani kukandika. Kati ya hizo ni kazi ya mafundi na ya jua. Kwa nini basi mwende wote 24 kwa pamoja, mkae mkitazama zege likikauka? Gawanyikeni makundi mawili ya watu 12. La kwanza liende siku tano, lisafishe na kuchimba msingi. Mafundi wajenge msingi, wasimamishe nguzo, wafunge fito na kuezeka. La pili liende wiki nne baadaye, siku tano pia, likandike. Mkipata gari dogo la abiria, matatu ya watu 14, kwa shilingi 30,000 kwenda na kurudi, usafiri wa makundi yote mawili utabaki 60,000, lakini chakula kitashuka hadi 30,000, na nyumba itapata 90,000 badala ya 60,000. Mitungi ya maji aliyoitaja Mama nayo itapungua kutoka 24 hadi 12 kwa siku. Mkandiko wa pili utafanywa na wenyeji ule wa kwanza ukishakauka, na hilo ni jema, kwa sababu nyumba haipaswi kumalizwa na wageni.

Wamijikenda wana desturi ya kufanyiana kazi kwa zamu wanayoiita mweria, ambapo kijiji kizima humfanyia mmoja wao kazi ya siku moja, kama kulima au kujenga, naye huwalisha. Ombeni siku yenu ya kukandika iwe siku ya mweria, chini ya uongozi wa wazee na akina mama wa hapo, nanyi muwe miongoni mwa wanaofanya kazi. Gharama ya chakula cha siku hiyo ibebeni ninyi.

Nina tahadhari moja kuhusu miti. Wanakijiji wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanautunza msitu wao wa mikoko chini ya mradi wa hewa ukaa, yaani wa kulipwa kwa kuhifadhi miti inayofyonza hewa hiyo, kama walivyotangulia kufanya wenzao wa Gazi, na kukata mkoko bila kibali ni kosa. Msije mkawaagiza vijana boriti na fito za mikoko kwa kuwa tu ndivyo nyumba za kale zilivyojengwa. Nguzo za mvinje hupandwa na kuuzwa kwa wingi Kwale, na zinafaa.

Mwanachuo wa Tudor

Nawashukuru sana wazee wangu, na Mama, Mungu akulipe kheri kwa kutueleza yaliyokuumiza.

Jana niliwasomea wenzangu majibu yenu yote. Tumekubaliana kugawanyika makundi mawili, na waliokuwa wakiona aibu ya udongo wamenyamaza baada ya maneno ya Fundi. Usiku nilimpigia simu bibi mwenyewe, jambo ambalo nakiri kwamba nilipaswa kulifanya kabla ya kuomba hata shilingi moja. Anataka mlango uelekee magharibi na baraza liwe pana kiasi cha kulala mtu mmoja, kwa sababu mjukuu wake mkubwa hulala nje wakati wa joto.

Limezuka suala jipya. Nilipomwuliza maji yalifika wapi, aliniambia alama iko chini kidogo ya dirisha, na mjukuu alipoipima aliona ni futi tatu na nusu kutoka ardhini. Nyuma ya kiwanja, penye mwembe, maji hayakufika kabisa. Lakini hapo ndipo alipozikwa mumewe, na akitaja mahali hapo sauti yake hubadilika. Je, tupandishe msingi futi nne pale pale, au tumwombe nyumba ihamie nyuma?

Fundi wa Kisauni

Futi nne kuzunguka nyumba nzima, pamoja na kifusi cha kujaza ndani, ni fedha nyingi kuliko 90,000 zenu, na bibi wa umri huo atapanda ngazi kila anapokwenda jikoni. Kwa hesabu ya uashi, nyumba ihamie nyuma. Lakini neno la kaburi si la fundi wala la mwanafunzi. Mrudie bibi, umweleze gharama zote mbili bila kumsukuma, umwache azungumze na wanawe na wazee wa hapo, na msinunue hata jiwe moja kabla hajawajibu. Huenda akaona ni vyema kukaa karibu na mumewe, na huenda akaona hapana.

Akishaamua, niandikie hapa. Kundi la kwanza litakapokwenda nitafuatana nalo kwa siku mbili, nipime na kufunga kamba za msingi pamoja na mafundi wa kijiji. Nauli yangu msiiweke katika hesabu yenu.