Kozi za Kiingereza za mtaani zinatuponza: "Would you mind" imenikimbizia wageni Bagamoyo

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi natembeza wageni hapa Bagamoyo, Mji Mkongwe na magofu ya Kaole. Historia naijua. Niamshe usiku wa manane nitakueleza mwili wa Livingstone ulivyofikishwa misheni Februari 1874, na Wajerumani walivyohamishia makao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Yote hayo nayasema kwa Kiingereza bila kukwama. Kinachonikwamisha ni vijineno vya kila siku, na ndivyo nilivyolipia kufundishwa! Miezi mitatu, kila siku baada ya magharibi, ada nimemaliza yote, tukagaiwa karatasi za fotokopi: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. "Mind: jali." Basi, ndiyo somo.

Juzi nilikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe. Tumetoka Kaole, wanataka kuingia dukani kununua maji. Mama akaniuliza, "Would you mind waiting?" Nikatafsiri kichwani: ungejali kusubiri? Kwetu mtu anayejali ni mtu mwema. Nikamjibu kwa moyo mmoja, "Yes, yes!" Uso ukambadilika. Akamnong'oneza mumewe, wakanilipa nusu siku, wakapanda bajaji wakaenda zao. Soko la samaki hatukufika, Caravanserai, kile kituo cha zamani cha misafara, hatukufika. Jioni kijana wa mapokezi kule walikofikia ndiye aliyenifumbua macho: nilichomwambia yule mama ni kwamba kumsubiri kunaniudhi. Anayekubali hujibu "No". Ningejuaje, na karatasi imeniambia mind ni kujali?

Na hiyo "no" ina balaa lake jingine. Sisi mtu akikuuliza "Hujala?" na kweli hujala, unajibu "Ndiyo, sijala." Unaikubali kauli yake. Mwingereza hapo anataka "No". Mgeni akiniambia "You don't have change?" nami sina, nikisema "Yes" anabaki kanyoosha mkono, anangoja chenji. Tunatazamana. Mwisho anaona namzungusha, na anaondoka akijua mimi ni tapeli. Mimi, ambaye shilingi ya mtu sijawahi kula!

Hata "pole" wametuandikia "sorry" wakaendelea mbele. Mgeni kajikwaa kwenye mawe karibu na makaburi ya Kaole, nampa pole, "sorry, sorry", ananishangaa: "It's not your fault." Kumbe neno lao hilo linabeba pole na samahani kwa pamoja, na yeye kasikia samahani. Jambo la dakika mbili kueleza darasani.

Kinachoniuma ni kwamba mwalimu wetu ni Mswahili mwenzetu. Yeye ndiye wa kutuonyesha mahali lugha hizi mbili zinapopishana, maana mzungu hawezi kujua kwamba "ndiyo" yetu inafanya kazi tofauti. Jana nimemfuata kumuuliza. Kanijibu, "Hayo mtajifunza huko huko kwa wageni." Kwa wageni! Kila kosa kwa mgeni ni siku ya kazi inayopotea, na nyumbani wanasubiri unga. Ada yangu ilikuwa ya nini?

Naombeni msaada, wakuu. Aliyewahi kuponzwa na neno la Kiingereza kazini aliweke hapa, pamoja na jibu lake sahihi. Jumamosi nina wageni wanne.