Ati "mshukuru, mwapata dawa bure"! Huyu bwana wa kuku ametuzidi

Jamani, nna hasira hata vidole vyatetema. Yule bwana wa kuku mwamjua nyote, Langoni nzima hapa Lamu yamjua kwa harufu. Leo alasiri kaja kisimani na ndoo ya dawa, ule unga wa manjano wa antibiotiki, dawa ya kuua bakteria, awatiliao kuku kwenye maji ya kunywa. Kaisuuza papo hapo mdomoni mwa kisima! Maji ya manjano yakafuata ufa wa saruji, yakarudi ndani. Mamangu kasimama na dumu lake, akamwambia, "Mwanangu, haya ni maji ya watu." Kajibiwa nini? "Mshukuru, bi mkubwa, mwapata dawa bure."

Dawa bure! Mamangu! Umri wa nyanya yake!

Na kuku wenyewe hawaumwi. Awapa kila siku ati wasije wakaumwa. Wameshakunywa dawa kuliko wodi nzima. "Dawa bure." Nitamwonyesha bure.

bahari_kuu: Hahaha, pole. Bi mkubwa hataugua tena mwaka huu.

binti_mkomani: Usicheke. Dawa hizo nyingi hutoka na kinyesi zingali na nguvu. Zikiingia majini kidogo kidogo, bakteria dhaifu hufa, sugu wakabaki wakazaana. Siku ukiugua kweli, dawa ile ile haikufai. Ulaya walipiga marufuku kuwapa mifugo antibiotiki za kunenepesha tangu 2006.

nahodha_mstaafu: Mwenye uzi, si wewe niliyekuona duka la dawa wanunua amoksilini vidonge vinne kwa mafua?

mwenye uzi: Yahusu nini na ndoo? Kamwambia MAMANGU dawa bure!

nahodha_mstaafu: Vidonge vinne. Nayo ni antibiotiki vilevile, na mafua ni virusi, haiyagusi.

mla_mayai: Kwani mayai yake tusile? Nimenunua trei.

binti_mkomani: Pakiti huandikwa siku za kungoja baada ya dawa kabla ya kuuza. Awapaye kila siku angoja lini?

mla_mayai: Nshakula matatu.

shungi: Mwalilia kuku, na mimi punda wa jirani wamenijazia kinyesi mlangoni tangu Idi!

bahari_kuu: Afadhali punda. Mfereji wangu watoa chumvi.

nahodha_mstaafu: Wangu hautoi kitu. Halafu nani kapandisha nauli ya boti ya Mokowe usiku?

mwenye uzi: Turudini kwa mamangu basi!

shungi: Usiku ni ngapi sasa?