Ubao wa picha, tableti au lugha ya alama kwa mtoto asiyeongea?

Mama_Busia: Salaam wapendwa. Binti yangu wa miaka 7 ana mtindio wa ubongo. Anasikia vizuri, Kiswahili na Lusamia anavielewa, ila maneno hayatoki na mikono hukakamaa. Shangazi yake anataka tuchange tununue tableti. Mwalimu wake anasema lugha ya alama. Mimi nawaza ubao wa picha, lakini bibi yake anahofia kwamba akizoea picha atakuwa mvivu wa kuongea. Nani ametumia nini?

Mwalimu_Tororo: Lugha ya alama ina heshima yake hapa Uganda, hata Katiba ya 1995 imeitaja, na Chuo Kikuu cha Kyambogo hufundisha wakalimani wake. Angekuwa kiziwi nisingesita. Ila ni lugha ya vidole na uso, na mkono uliokakamaa hausomeki kirahisi. Mfundishe alama chache za nyumbani: nataka, basi, maji. Yanayobaki yaende kwenye picha.

Nuru_Bombo: Mimi natetea tableti. Mwanangu anatumia Cboard, programu ya picha zenye sauti; tuliianza bila kulipa. Akigusa picha, sauti inatoka. Maneno ya lugha ya nyumbani tulirekodi wenyewe, kwa sauti ya dada yake. Siku alipomwita bibi yake akiwa chumba kingine, bibi alikuja mbio!

Baba_Arua: Kweli, Dada Nuru, karatasi haimwiti mtu aliye mbali. Lakini umeme ukikatika siku mbili mtoto anyamaze? Na kwa mikono ya binti huyu, kugusa kioo ni kazi ngumu. Mama Busia, jaribu ubao wa macho. Chukua plastiki ngumu inayopitisha mwanga, upana wa daftari lililofunguliwa, toboa dirisha katikati, bandika picha moja kila pembe. Kaa mkabala naye, ushike kati yenu, umtazame kupitia hilo dirisha: macho yake yakienda pembeni, unaona amechagua nini. Picha za ARASAAC, mkusanyiko wa picha za mawasiliano ulioko mtandaoni, ni za bure, chapisha tu. Na tafadhali usiweke chakula peke yake. Weka "sitaki", "inauma", "acha", "nina jambo". Mtoto aliyepewa picha za uji na ndizi tu, hataweza kukwambia tumbo linamsokota.

Hajati_Kampala: Mimi ni mtaalamu wa matamshi. Mtulize bibi: utafiti haujaonyesha kwamba picha huzuia usemi, na kwa watoto wengine huusaidia, kwani kila picha inapoonyeshwa mtoto analisikia neno lake. Kinachoangusha familia nyingi ni kumwachia mtoto ubao peke yake. Nanyi mwonyeshe picha mnapoongea naye, kisha msubiri. Msimmalizie sentensi! Mimi ningeanza na ubao wa macho; tableti ije baadaye, ikiwekwa kwenye stendi.

Mama_Busia: Asanteni sana. Na shuleni nani atamshikia huo ubao?

Mwalimu_Tororo: Mwenzake wa dawati. Watoto wanashika haraka kuliko sisi walimu. Mwombe mwalimu awafundishe wawili, mmoja akikosa shule mwingine yupo.

Mama_Busia: Basi kesho naitafuta plastiki sokoni. Shangazi azihifadhi hela za tableti kwanza. Picha ya kwanza itakuwa "acha", maana kila mgeni akija humnyanyua bila kumuuliza.