Eti "saizi ni ileile"! Muuza tairi kanifungia herufi tofauti, sasa gari linanicheza

Wakuu, mnisamehe, leo nina hasira. Matairi yangu mawili ya nyuma yalikuwa yamekaribia kipara, nikaenda dukani na karatasi mkononi, nimenakili kila kitu kama kilivyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva: 205/55 R16 91V. Muuzaji kaisoma, kaitikia kwa kichwa, kaingia stoo, katoka na matairi mawili yanang'aa, bado yana vile vinyweleo vya mpira. Kafunga, kachukua hela yake, nikaondoka. Sikuinama kusoma. Hilo kosa ni langu, nalikiri mapema ili mtu asije akanikumbusha huko chini.

Mwendo wa polepole halikuwa na neno. Shida ni nikifika 100 halafu nihame njia kulipita lori. Mbele kunaitika usukani vizuri, nyuma kunachelewa kidogo, kisha kunakuja kwa pupa kama mkokoteni uliofungwa kamba. Mara ya kwanza nikadhani ni upepo wa nje. Mara ya pili nikatokwa jasho.

Nikarudi palepale. Wakafanya balansi, yaani kusawazisha uzito wa magurudumu, nikalipa. Hali ileile. Wakafanya alainimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, nikalipa. Hali ileile. Mara ya tatu fundi kanitazama usoni bila aibu akasema itakuwa bushi za nyuma, zile raba za kwenye viungo vya chini ya gari. Bushi! Gari lililokuwa sawa mpaka dakika lilipoingia kwenye geti lao.

Jumapili naliosha mwenyewe. Nasugua ubavu wa tairi la nyuma, povu linatiririka, nasoma: 205/55 R16 91T. Nikazunguka mbele: 91V. Nyuma tena: T. Nikakaa chini kwenye ndoo.

Kwa asiyejua, maana nami sikujua vizuri mpaka yaliponikuta. Ile 205/55 R16 ndiyo saizi. Ile 91 ni uzito: tairi moja linabeba hadi kilo 615. Herufi inayofuata ni spidi ya juu kabisa ambayo tairi limejengwa kuistahimili. Q ni 160, S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270, Y ni 300, zote kilomita kwa saa. (H imekaa katikati ya U na V, nje kabisa ya mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo ukidhani H iko chini ya S kwa kuhesabu vidole umeshapotea.) Mimi nilitaka 240, nikafungiwa 190.

Nikampigia muuzaji. Jibu lake: "Bosi, saizi ni ileile, na wewe hutembei 190."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Kweli, sitembei 190 na sina mpango huo. Lakini tairi la V halipati herufi yake kwa kuchapwa muhuri. Ili listahimili ule mwendo linajengwa tofauti ndani: mara nyingi linaongezewa tabaka za nailoni juu ya zile nyaya za chuma, na umbo lake halikubali kupindapinda ovyo. Tofauti hiyo unaisikia kwenye kona na unapokata usukani ghafla, hata ukiwa chini sana ya spidi iliyoandikwa. Sasa nina gari lenye tabia mbili: mbele kumekaza, nyuma kunalegea. Na nyuma ndiko mahali pabaya zaidi pa kulegea. Mbele kukiteleza, unaondoa mguu kwenye mafuta na gari linarudi. Nyuma kukiteleza, unaanza kuona ulikotoka. Zaidi ya hapo, gari lenye matairi ya herufi tofauti linahesabiwa kwa iliyo ndogo. Kwa hiyo jamaa kalishusha gari zima mpaka T bila kuniambia neno.

Halafu kuna kundi la pili, la wanaoiamini herufi kupita kiasi, na hawa nao nawasema. Nilipomsimulia shemeji yangu, kacheka: "Mimi yangu ni V, nikigusa 160 bado nina akiba ya 80." Shemeji, akiba hiyo ipo maabara! Kule wanachukua tairi jipya, wanalijaza upepo sawasawa, wanaliwekea mzigo unaojulikana, wanalizungusha juu ya pipa la chuma na kupandisha spidi hatua kwa hatua. Hakuna shimo, hakuna kokoto, hakuna familia ya watu sita na magunia kwenye buti.

Kinachoua tairi ni joto. Tairi la saizi yangu mzunguko wake ni karibu mita mbili, kwa hiyo kwenye 100 linazunguka mara 14 kila sekunde. Kila sehemu yake inabonyea ikigusa lami na kurudi, mara 14 kwa sekunde, na kila kubonyea kunazaa joto. Upepo ukiwa mdogo linabonyea zaidi, joto linapanda, tabaka zinaanza kuachana, siku moja unasikia kishindo. Tairi lenye upepo pungufu, au lililojaa viraka, au lililobebeshwa kupita kiasi, ile herufi yake usiitegemee tena. Na hata likiwa zima, herufi haisemi chochote kuhusu breki. Kutoka 80 kwenda 160 umeongeza spidi mara mbili, lakini nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza imekuwa mara nne. Mvua ikinyesha ndiyo kabisa: mifereji ya tairi ikiwa imelika, maji hayana pa kupita, unapanda juu yake kama mtumbwi.

Nimepima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, nikakuta maajabu mengine. Walijaza kwa kusoma ile namba ya juu kabisa iliyo ubavuni mwa tairi! Ile ni mwisho wa tairi lenyewe. Upepo wa gari unasomwa kwenye kibandiko cha mlangoni, kilekile nilichonakili. Na tarakimu nne za mwisho kwenye ile alama ya DOT ubavuni mwa tairi, inayoonyesha lilitengenezwa lini, zinasema 1819, yaani wiki ya 18 ya mwaka 2019. "Mapya" yangu yamelala stoo kwa mtu miaka.

Jana nimeenda dukani ana kwa ana. Kwanza kasema herufi hazina maana. Nilipomwonyesha karatasi yangu, ambayo bado ilikuwa kwenye droo yake, kasema V ziliisha siku ile. Basi si ungesema! Ningesubiri, au ningeenda kwingine. Kisha kajitia mkarimu: atanihamishia T mbele na V nyuma, bure. Ni afadhali kidogo, sikatai, lakini hizo V za mbele zimeshatumika nusu, nikizipeleka nyuma mvua itanikuta na matairi yaliyolika huko huko nyuma ninakokuogopa. Nataka mawili ya V, basi.

Kubadilisha hataki. Eti yameshatembea.

Nimemwambia yametembea kwa sababu ulinificha, na sehemu ya huo mwendo ilikuwa kuja kwako kulipia balansi na alainimenti ambazo hazikuhitajika. Kanyamaza, kaingia stoo, hakutoka mpaka nikaondoka.

Jumamosi narudi na karatasi yangu, risiti zote tatu na picha za ubavu wa kila tairi. Aliyewahi kurudisha tairi lililokwisha kufungwa na akafanikiwa, aniambie alianzia wapi.