Mrejesho: seli za ini zilizopoteza nguvu ya kuvunja dawa

Wakuu, niliuliza kwa nini seli za ini la binadamu tunazokuza maabara zinashika vizuri kwenye sahani, lakini baada ya siku chache kimeng'enya cha CYP3A4, kinachovunja dawa nyingi mwilini, kinakaribia kuzimika. Mlinishauri nisizilaze juu ya kolajeni (protini ya kushikia seli) tu, nizifunike na tabaka la jeli kwa juu.

Imekubali! Seli zimeshikilia umbo lake la pembe nyingi, na kati ya seli na seli vimejitokeza vifereji vya nyongo, vinang'aa kwenye darubini. Seramu (majimaji ya damu yanayotiwa kwenye lishe ya seli) tunaiondoa zikishashika. Insulini na deksamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi) kidogo vinabaki.

Kipimo nilichokisubiri zaidi ni cha rifampisini, dawa ya kifua kikuu inayochochea CYP3A4. Seli zilizoipata sasa zinavunja midazolamu (dawa ya usingizi inayovunjwa na CYP3A4) kwa kasi kuliko zile ambazo hazikuipata. Nimefurahi mno, maana panya hawezi kutuonyesha hili: kipokezi chake cha PXR, kinachoamsha kimeng'enya cha aina hii, hakiitikii rifampisini kama cha binadamu. Na huku kwetu wapo wagonjwa wanaomeza dawa za kifua kikuu pamoja na za VVU, na rifampisini inaweza kufanya baadhi ya dawa za VVU zivunjwe haraka, kwa hiyo jambo hili linawagusa moja kwa moja.

Aliyependekeza HepG2 (seli za saratani ya ini zinazokuzwa maabara) kwa urahisi wake, asante sana, ila vimeng'enya vyake ni haba kwa kazi hii. HepaRG, aina nyingine ya seli za ini za maabara, nitaijaribu.

Kinachonisumbua bado ni tofauti kubwa kati ya ini la mtoaji mmoja na mwingine. Aliyewahi kuchanganya seli za watoaji kadhaa, naomba anielekeze.