Naomba ushauri: kideri kimepita bandani, nianzeje upya?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Buswelu, Mwanza. Nilikuwa nao 43. Ndani ya siku nane wamebaki 6. Walianza kuzubaa, kinyesi kikawa cha kijani, halafu shingo zikapinda. Tetea mmoja alizunguka palepale kichwa kikiangalia juu, hadi akafia mikononi mwangu. Imeniuma sana.

Nilikosea kukimbilia antibiotiki. Mtaalamu wa mifugo akanieleza kuwa dawa hizo hupiga bakteria, na kideri kinaletwa na virusi: uzi wa RNA (yaani maelekezo ya kutengeneza virusi) uliofungwa kwenye protini, nje una utando wa mafuta wenye vijiba. Vijiba hivyo hung'ang'ania seli ya kuku, utando unaungana na wa seli, RNA inaingia, kisha seli yenyewe inageuzwa kiwanda cha kuzalisha virusi vipya. Ugonjwa ukishaingia hauna dawa, ni chanjo mapema tu.

Mizoga nimechoma, maranda nimetoa yote, kuta na vyombo nimesugua kwa sabuni, maana sabuni huvunja ule utando wa mafuta. Lakini sakafu ni ya udongo, na hapo ndipo nimekwama.

Naomba kuuliza: banda la sakafu ya udongo nilipumzishe muda gani kabla ya kuleta vifaranga? Na hawa 6 waliopona, niwachanganye na wapya wakishachanjwa, au niwatenge kabisa?