Suti moja: usaili Iringa, sendofu Tukuyu. Naombeni ushauri

Binti_Mbeya: Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Jumatano ijayo nina usaili Iringa, Jumamosi sendofu ya dada Tukuyu. Hela ni ya suti moja. Bluu iliyokolea au maruni? Usingizi sipati.

MamaUyole: Bluu, mdogo wangu. Usaili blauzi nyeupe, sendofu badili vaa ya satini na hereni kubwa. Maruni inaweza kugongana na rangi za kamati.

Mafinga1: Vaa suruali. Mwezi huu wa saba baridi ya huku si mchezo. Wife alipanda basi la alfajiri na sketi, kifua kikambana wiki nzima. Bado ananilaumu mimi.

Mwanjelwa_Belo: Njoo mitumbani, makoti ya sufu yapo. Angalia bega kwanza: mshono uishie pale mfupa unapoishia. Kiuno fundi anarekebisha, bega ni kesi.

MamaUyole: Mbona umbo hujatuambia?

Binti_Mbeya: Sikutaka kulisema. Nina mimba ya miezi mitano. Na fundi ameshakata, bluu, koti la kubana kiuno na sketi. Advansi nimelipa. Nataka koti linifiche, jopo lisijue. Msiniambie nianze upya, hela sina.

Mtumishi: Kuficha baraka ya Mungu siyo vizuri, dada. Baba mtoto anasemaje?

Wakili_Mtaani: Mtumishi, hajauliza hilo. Dada, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kubagua kwa sababu ya ujauzito, na anayeomba kazi naye analindwa. Nenda ukiwa umetulia.

Chai_Detector: Hii chai, stori ya kutunga. Unauliza bluu au maruni wakati bluu imeshakatwa? Mods fungeni uzi.

Mafinga1: Kweli aisee, hata mimi nimeshtuka.

Binti_Mbeya: Siyo chai. Nilitaka mtu aniambie bluu ni sawa, basi. Jana nimejaribisha: nikifunga kifungo kitambaa kinavuta tumboni, mikunjo inasambaa kuanzia pale kwenye kifungo. Pembeni fundi ameacha ziada ya kama inchi moja kila upande. Bitana bado.

FundiKabwe: Haya ndiyo tulitakiwa kuyajua mapema. Mwambie leo leo, kabla ya bitana, afumue mishono ya pembeni atumie hiyo ziada, na aachie pale alipobana kiunoni ili koti lishuke wima. Wewe usifunge kifungo, vaa wazi juu ya blauzi isiyobana. Kitambaa kikivuta tumboni ndiyo kwanza macho yote yanaenda hapo.

Binti_Mbeya: Na sketi?

FundiKabwe: Lastiki kiunoni. Usiivae kwenye basi, ikunje vizuri begini ubadilishie Iringa. Jumamosi huko Tukuyu ndizi zitakuwepo, lazima ule.